Kuhara Kumeisha, Mbona Hakojoi?

*Mwanangu wa miaka 2 alihara damu siku 4, kisha ikakoma. Leo ni siku ya pili tangu ikome: amelegea, midomo imepauka, nepi kavu tangu jana. Nimpe maji mengi nisubiri? – Mama, Kayole*

Usisubiri, mama. Mpeleke leo hospitali yenye maabara na daktari wa watoto. Hizo ni dalili za ugonjwa wa figo ambao madaktari huuita HUS, nao huvizia nyumba ikishamshukuru Mungu, mara nyingi siku 5 hadi 10 tangu kuhara kuanze. Sumu ya bakteria, hasa E. koli aina ya O157 na wakati mwingine Shigella, huharibu mishipa midogo ya figo. Chembe nyekundu zikipenya humo hupasuka, ndiyo sababu ya midomo kupauka. Chembe za kugandisha damu nazo hupungua, na figo zikilemewa mkojo hukatika. Ukimlazimisha maji mengi sasa, yanaweza kumjaa mwilini. Nikiuliza alikojoa lini, wengi hunijibu "jana jana hivi". Andika saa kwenye simu.

*Kemisti aliniuzia antibiotiki na dawa ya kufunga tumbo. Nilikosea? – Baba, Kawangware*

Ya kufunga tumbo mtoto mdogo asipewe kabisa. Antibiotiki ni fumbo: Shigella hutibiwa nazo, lakini kwa E. koli hiyo huenda zikaongeza hatari kwa figo. Kwa macho hutofautishi, baba, na kemisti vilevile. Choo kipimwe.

*Mutura ya jioni je? – Githurai*

Naipenda, ila mtoto wa miaka 3 simpi. Hao E. koli hukaa kwenye matumbo ya ng'ombe, na mutura ni utumbo uliojazwa. Nyama nzima ikichomwa, walio juu hufa; ya kusagwa au kujazwa huwa nao hadi katikati, na katikati ndiko kufike nyuzi 71. Rangi haikusaidii, mutura ni nyeusi tangu mwanzo. Utazame na ubao: kisu kilichogusa nyama mbichi ndicho kinachokata kachumbari? Maziwa ya mtungi nayo yachemke hadi yafure.

*Dada yake ataambukizwa? – Umoja*

Anaweza. Sabuni kila baada ya nepi.

*Figo hurudi? – Rongai*

Kwa watoto wengi, ndiyo. Baadhi huongezewa damu, wengine husafishwa damu kwa siku kadhaa au wiki, mara nyingi kupitia mrija tumboni. Lakini presha na mkojo vipimwe kila mwaka, hata akiwa anacheza mpira.