Muulize Mwalimu: Nani nahodha wa ile taa inayopita juu ya Micheweni?

BARUA YA KWANZA

Assalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mvuvi. Mwezi uliopita tulikuwa dago, sisi sita, tukaiona taa inapita juu, kubwa kuliko nyota, haipepesi wala haina mlio. Mwenzetu mmoja akasema ile ni nyumba, ndani mna Wamarekani na Warusi wanaishi pamoja. Tukabishana mpaka alfajiri. Wale huku chini hawaelewani, kila siku redioni twasikia. Vipi huko juu wasipigane? Na nahodha ni nani? Wazee wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mvuvi, Shumba, Micheweni

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Mwenzenu kasema kweli. Kile ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kiko kiasi cha kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, karibu sawa na kutoka Forodhani hadi Dodoma ukienda moja kwa moja. Kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa na huizunguka dunia kwa dakika kama 90. Kipande cha kwanza kilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakaa hata siku moja bila ya mtu ndani.

La nahodha nalitanguliza, maana ni jepesi. Nahodha ni mmoja kwa wakati mmoja, na hupokezana kila baada ya miezi kadhaa. Watatu wa mwanzo kuhamia walikuwa Mmarekani William Shepherd na Warusi wawili, Yuri Gidzenko na Sergei Krikalev. Njiani, ndani ya chombo cha Kirusi cha Soyuz, mkubwa alikuwa Gidzenko. Walipofungua mlango wa kituo, mkubwa akawa Shepherd. Watu wale wale watatu, safari ile ile, aliyekuwa akiamrisha akawa mwenye kuamrishwa, na kazi ikaendelea. Baadaye unahodha wameushika Peggy Whitson mwaka 2007, mwanamke wa kwanza, Mbelgiji Frank De Winne mwaka 2009, Mkanada Chris Hadfield mwaka 2013, Mjapani Koichi Wakata mwaka 2014, na Warusi wengi. Moto ukizuka au hewa ikivuja, wote humsikiliza yeye, awe wa taifa gani.

Ama hilo la kutopigana, wengi hujibu kwamba wanaanga ni watu waliochujwa, wenye subira. Ni kweli wamechujwa, lakini jibu hilo halinitoshi. Mimi naona siri imo katika namna kituo kilivyojengwa: hakuna anayeweza kuondoka na nusu yake. Warusi ndio wenye injini kuu za kukiinua. Hata kule juu mna hewa kidogo, nyembamba mno, inayokivuta kituo na kukishusha siku hadi siku, na kisiposukumwa juu mara kwa mara mwisho wake ni kuanguka. Wamarekani ndio wenye mabamba makubwa ya sola, na umeme mwingi wanaotumia Warusi unatoka huko. Wamarekani pia wana magurudumu manne mazito yanayozunguka kwa kasi ili kituo kisiyumbe. Magurudumu hayo yakielemewa, injini za Kirusi ndizo zinazoyapumzisha. Mkono wa kunyanyulia mizigo ni wa Kanada, maabara ya Kibo ni ya Japani, ya Columbus ni ya Ulaya. Mwenye tanga hana usukani, na mwenye usukani hana tanga.

Wewe ni mtu wa bahari, utanielewa nikikupa habari ya marehemu baba yangu. Alikuwa baharia wa jahazi, akipakia karafuu hapa Wete kupeleka Unguja, na safari nyengine Tanga na Mombasa. Mabaharia walikuwa mchanganyiko: Mshihiri, Wabajuni wawili, Mtumbatu, na Wapemba. Maji ya kunywa yalikuwa katika fantasi, lile tangi la mbao, na juu yake ilining'inia kata moja ya kifuu. Safari moja walikamatwa na shwari siku tatu. Mmoja akaona wenzake wanateka maji mengi, akachonga kata yake mwenyewe akaificha. Siku ya pili kila mtu alikuwa na kata yake. Siku ya tatu wakawa wanapika vyungu viwili. Upepo ulipokuja usiku, baba akasema, kamba zilivutwa kivivu, kila mtu akingoja mwenzake aanze, na tanga likachanika. Nahodha hakugomba. Kulipopambazuka alizikusanya kata zote akazitupa baharini, akabakisha ile ya mwanzo.

Kisa hicho nilikikumbuka niliposoma yaliyotokea mwaka 2009. Mrusi Gennady Padalka, alipokuwa anajiandaa kwenda kushika unahodha wa kituo, alilalamika gazetini, wazi wazi. Alisema wakubwa wa huku chini, kwa kuhesabiana gharama, wameanza kuwaambia wanaanga kila upande utumie choo chake, chakula chake na mashine zake za mazoezi, na kwamba jambo hilo linavunja moyo wa watu wanaofanya kazi pamoja. Alisema hivyo, kisha akaenda. Mwezi wa Mei mwaka huo huo kituo kikawa na watu sita kwa mara ya kwanza, Padalka akiwa nahodha, na washirika wote watano, yaani Marekani, Urusi, Ulaya, Japani na Kanada, kila mmoja ana mtu wake ndani. Kwa hiyo mwanangu, usidhani kule juu hakuna kata za kufichana. Zipo, na mara nyingi hutumwa kutoka huku chini.

Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, wengi walidhani mwisho umefika. Machi mwaka huo Mmarekani Mark Vande Hei alirudi duniani ndani ya Soyuz akiwa na Warusi wawili, Anton Shkaplerov na Pyotr Dubrov, kama ilivyopangwa.

Lakini lililonigusa zaidi ni la Disemba mwaka ule. Soyuz iliyokuwa imefungwa kituoni ilivuja maji yake yote ya kupozea. Chombo hicho ndicho kilichowapeleka Warusi Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin na Mmarekani Frank Rubio, na ndicho kilichokuwa kiwarudishe. Bila ya kupozwa, watu watatu ndani yake wangelielemewa na joto njiani. Basi wakafikiri: ikitokea dharura kabla ya chombo kingine kufika, tufanyeje? Ujue kwamba katika Soyuz kila mtu ana tandiko gumu la kiti, limefinyangwa kwa umbo la mgongo wake mwenyewe, kwa sababu chombo kile hutua kwa kishindo. Januari 2023 walilitoa tandiko la Rubio kwenye Soyuz, wakalipitisha ndani ya kituo hadi kwenye Dragon, chombo cha Kimarekani, wakalifunga sehemu ya mizigo, ili Warusi wawili wabaki na nafasi na joto lipungue. Dragon hiyo nahodha wake alikuwa Nicole Mann, na miongoni mwa wenye viti vyake walikuwamo Mjapani Wakata na Mrusi Anna Kikina. Dharura haikutokea. Urusi ikapeleka Soyuz nyengine tupu, bila mtu, na wale watatu wakarudi pamoja Septemba 2023, baada ya siku 371. Walikuwa wameondoka nyumbani kwa safari ya miezi sita.

BARUA YA PILI

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko kidato cha tatu. Nauliza wanazungumza lugha gani, na kama kuna Muislamu aliyewahi kufika huko, alisali vipi na alifunga vipi, ikiwa jua linachomoza mara 16 kwa siku?

Mwanafunzi, Mkoani

Marahaba, mwanangu. Lugha ni mbili, Kiingereza na Kirusi, na mara nyingi huchanganywa katika sentensi moja, kama tufanyavyo sisi na Kiarabu. Anayepanda Soyuz lazima ajue Kirusi, maana vitufe vyote vimeandikwa hivyo. Mwanzo wa desturi hiyo ya lugha mbili ni tarehe 17 Julai 1975, Apollo ya Marekani na Soyuz ya Kisovieti zilipokutana angani. Makamanda Thomas Stafford na Alexei Leonov walikubaliana kila mmoja aseme lugha ya mwenzake. Stafford akasema Kirusi, Leonov akajibu kwa Kiingereza. Nakuomba ulitazame jambo hilo kwa makini, maana nimelijaribu darasani miaka mingi. Mtu anayesema lugha yake hukimbia. Anayesema lugha ya mwenzake huenda pole pole, huchagua maneno mepesi, na humwangalia msikilizaji usoni kujua kama ameelewa. Leonov alikuwa akitania kwamba safarini walitumia lugha tatu: Kirusi, Kiingereza na Kioklahoma, kwa namna Stafford, mtu wa Oklahoma, alivyokitamka Kirusi.

Hata hewa walikuwa hawapumui moja. Ndani ya Apollo mlikuwa na oksijeni tupu yenye kanieneo ndogo, ndani ya Soyuz hewa ya kawaida kama hii yetu. Ikabidi kijengwe chumba cha katikati, mtu akae humo mpaka mwili uzoee, ndipo aende kwa jirani. Na kiungo cha kufungia vyombo, ambacho zamani upande mmoja ulikuwa mchi na mwengine kinu, kilibuniwa upya pande zote mbili zikawa sawa sawa, zenye makucha matatu yanayoingiliana kama vidole vya viganja viwili, ili chombo chochote kiweze kuwa mwokozi na chochote kiweze kuokolewa.

Waislamu wamefika, wengi kuliko unavyodhani. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda Oktoba 2007, mwezi wa Ramadhani. Maulamaa wa nchi yake walimwandikia mwongozo: nyakati za sala azihesabu kwa saa 24 kwa kufuata mahali alipoondokea, yaani Baikonur, huko Kazakhstan, si kwa kila jua linapochomoza, kibla aelekee Al-Kaaba akiweza, akishindwa aelekee juu ya ilipo, akishindwa aelekee dunia, akishindwa popote. Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu alikaa miezi sita mwaka 2023, Ramadhani na Idi zikamkuta huko. Alieleza kwamba yeye ni msafiri, na msafiri ana ruhusa ya kutofunga. Mwezi Mei mwaka huo akafika Rayyanah Barnawi, binti wa Saudia, na mwenzake Ali AlQarni. Mengine muulize sheikh wako, mimi nimesomesha fizikia.

Hukuuliza chakula, lakini nakuongezea. Mkate wa kawaida hawautaki, kwa sababu chembe zake huelea na kuingia machoni na mitamboni. Hutumia mikate ya bapa, ndugu ya chapati. Samaki wa kopo wa Kirusi hupendwa na wote, na hubadilishana.

BARUA YA TATU

Mwalimu, bibi yangu anasema zamani Wamarekani walikuwa na mitambo ya kusikiliza watu wa angani hapa hapa Unguja. Wajukuu tunamcheka. Ni kweli? Na ile nyumba ya angani nitaionaje nikiwa mjini?

Msomaji, Jang'ombe

Mwombeni radhi bibi yenu leo hii. Ni kweli kabisa. Mwanaanga wa Kimarekani John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, redio zilikuwa zinashikana pale tu chombo kinapopita juu ya kituo, kwa hiyo Marekani ilipanga mnyororo wa vituo duniani. Baada ya Kano, Nigeria, kilichofuata kilikuwa Zanzibar, kisha meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Glenn alizungumza na watu waliokuwa hapa kisiwani. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kama bibi anakumbuka zaidi ya hapo, kaa naye uandike.

Kuiona hakuhitaji darubini. Tafuta pahala peusi, mbali na taa za barabarani, ufukweni pana nafuu. Wakati wake ni baina ya Magharibi na Isha na kidogo baada yake, au kabla ya jua kuchomoza: hapa kwetu giza limeshaingia, lakini kule juu jua bado linakipiga. Hutokea upande wa magharibi na kuelekea mashariki, kwa dakika nne hadi sita. Ikipepesa taa nyekundu, hiyo ni ndege. Usishangae ikizimika ghafla katikati ya anga. Imeingia kivulini mwa dunia.

Na wewe mvuvi wa Shumba, ukiiona tena, ifunikeni karabai kidogo mtazame vizuri. Dakika 90 baadaye itakuwa imeshamaliza mzunguko, lakini haitapita juu yenu; dunia itakuwa imegeuka, nayo itapita huko Kongo. Kituoni hutumia saa ya Greenwich. Ikiwa kwenu ni saa moja ya usiku, kwao ni saa kumi jioni, na wote bado wamo kazini.