Tonge la Wali Katikati ya Matunda

Mhariri, salaam.

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: kati ya manga (vitabu vya hadithi za picha kutoka Japani) za mapenzi na manga za njozi, yaani za uchawi na viumbe wa kubuni, zipi zinastahili nyota tano, na msomaji mgeni aanzie wapi? Nimekaa nalo tangu Jumatatu na limenichoma, maana mimi mwenyewe niliwahi kuhakiki kwa mizani hiyohiyo nikamdhulumu mwandishi. Kwa hiyo nyota sitoi. Nataka kwanza kuuliza nani aliyetuambia kwamba haya ni mafungu mawili.

Chukueni Fruits Basket ya Natsuki Takaya. Ilitoka katika jarida la Hana to Yume kuanzia 1998 hadi 2006, juzuu 23, na kila mtu anaipanga kwenye rafu ya mapenzi. Lakini ndani yake kuna ukoo mzima wenye laana, akina Sohma. Wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine wanageuka wanyama wa ile miaka 12 ya Kichina: panya, ng'ombe, chui milia na wenzao, na juu yao paka, ambaye hata katika hesabu hiyo hayumo. Hiyo kama si njozi ni nini?

Sasa chukueni Frieren, hadithi ya Kanehito Yamada na michoro ya Tsukasa Abe, inayotoka katika jarida la Weekly Shonen Sunday tangu 2020. Hiyo mnaiweka kwa njozi. Frieren ni mchawi wa jamii ya elfi, viumbe wa ngano wanaoishi muda mrefu kuliko binadamu, naye ameishi zaidi ya miaka 1,000, na simulizi inaanzia pale wengine wanapomalizia: Mfalme wa Mashetani kashauawa, mashujaa wanarudi mjini. Himmel, kiongozi wao, anazeeka na kufa, na Frieren analia mazikoni kwa kuwa alisafiri naye miaka 10 bila kujitahidi kumjua. Mbele zaidi tunakuja kuoneshwa kwamba Himmel aliwahi kupiga goti akamvisha pete yenye nakshi ya ua ambalo maana yake ni mapenzi ya milele, naye Frieren hakuijua maana hiyo. Mimi sijasoma mapenzi mazito kuliko hayo katika rafu ya mapenzi. Tofauti iliyobaki ni kwamba Hana to Yume huuzwa kwa wasichana na Shonen Sunday kwa wavulana. Jina la rafu linatokana na mnunuzi, nasi tumeligeuza likawa sifa ya kazi yenyewe.

Dhuluma yangu ilikuwa hii. Nilisoma juzuu tatu za Fruits Basket, nikaandika kwenye kundi letu la wasomaji kwamba ni vilio vya wasichana, nyota mbili, nikazifungia kwenye boksi.

Masika ya mwaka jana Bibi yangu aliteleza uani akavunjika nyonga, nikaenda Pangani kukaa naye majuma matano. Begini nilikuwa na juzuu nane za kwanza za Fruits Basket, nampelekea binti wa shangazi. Mnajua jioni za masika kule: mvua haikatiki, umeme ukikatika haurudi upesi, na mgonjwa aliyelazwa chali hana pa kupeleka macho yake. Siku ya tatu akaniuliza, "Mume wangu, unasoma kitu gani hicho?" Nikampa akishike. Akakifungua kutoka kulia bila kuambiwa. Mimi mwaka niliponunua manga yangu ya kwanza nilianzia mwisho, nikasoma kurasa kadhaa kabla ya kugutuka. Bibi aliyesoma chuo cha Kurani udogoni hakuona ajabu yoyote. "Kumbe na hawa wanafungua kama msahafu," akasema, akaanza kufuata picha kwa kidole, kisanduku kwa kisanduku, kutoka kulia. Kiingereza hakijui, basi ikawa kazi yangu kumfasiria kwa taa ya chemli.

Nilianza nikiwa na uvivu. Lakini mwanzoni kabisa kuna ngano: Mungu aliwaalika wanyama karamuni kesho yake, panya akamdanganya paka kwamba ni keshokutwa, paka akalala wenzake wakila. Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Hizo ndizo hadithi zake, za Sungura na Fisi, alizotulea nazo. Tofauti ni kwamba sisi huwa tunamcheka aliyedanganywa, na Tohru, yule msichana yatima wa kitabu hiki, alipohadithiwa na mama yake alimlilia paka. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akataka nimrudie hapo.

Halafu tukafika kwenye mchezo uliokipa kitabu jina. Watoto wanakaa duara, kila mmoja anapewa jina la tunda, tunda lako likiitwa unainuka. Wenzake walimpa Tohru jina la tonge la wali ili asiitwe kamwe, naye akakaa akingoja. Nilipokuwa peke yangu niliruka ukurasa huo kwa dakika moja. Kumfasiria Bibi kulinichukua robo saa, kwa sababu aliuliza kila kitu: tonge limekandwa vipi, lina nini ndani, mwalimu alikuwa wapi. Na juzuu iliyofuata Tohru anamwambia Kyo, kijana wa paka, kwamba huenda kila mtu ana kitoweo kizuri kilichobandikwa mgongoni mwa tonge lake, anakiona cha mwenzake, chake hakioni. Bibi akasema, "Sisi tunasema nyani haoni kundule. Huyu mtoto kaligeuza." Miaka yote nasoma hakiki za kitabu hiki, mstari wa uhakiki uliopita huo sijauona.

Juzuu ya sita ndiyo iliyonivunja. Kyo anavaa ushanga mkononi, na ukivuliwa anakuwa dude linalonuka ambalo hata ukoo wake hulikimbia. Mama yake alikuwa akiukagua mkono huo mara nyingi kwa siku kuhakikisha ushanga haujatoka, akimwambia mtoto kwamba anampenda. Kwa Bibi hiyo ilikuwa hirizi, basi, wala haikuhitaji maelezo. Akaniuliza, "Alikuwa akimwangalia mtoto au akiiangalia hirizi?" Sikuwa na jibu. Halafu ushanga unavuliwa, mvua inanyesha kitabuni na juu ya bati letu, Tohru anamfuata Kyo porini. Anaogopa na anasema anaogopa. Hajidai kuwa jasiri, ila anataka waendelee kuishi pamoja. Kuna visanduku pale havina neno hata moja, na mfasiri hana la kusema. Nilikisogeza kitabu karibu na chemli, tukatazama wote wawili. Hapo ndipo nilipojua kuwa zile nyota mbili nilizitoa kabla sijasoma.

Nimesema sitoi nyota, na nikifika hapa naona ni woga. Mtu anayetaka kununua juzuu kwa pesa yake ana haki ya kuambiwa. Fruits Basket naipa tano. Naitoa pamoja na kasoro zake: juzuu za mwanzo michoro haijatulia, mzaha wa kukumbatiana na kugeuka mnyama unachosha ukirudiwa, mwishoni karibu kila mtu anapatiwa mwenzi, na Akito, mkuu wa ukoo aliyewaumiza watoto wote wale, anasamehewa upesi kuliko ninavyoweza mimi. Frieren naipa nne, kwa kuwa haijafika mwisho, na mitihani ya wachawi imechukua kurasa nyingi ambazo ningezitaka ziende kwa Himmel. Nne hiyo inaweza kupanda.

Mgeni aanzie wapi? Awali ningesema Frieren bila kusita, na kama ana jioni moja tu bado nasema hivyo, maana sura ya kwanza peke yake inamtosha. Mwenye subira aanze na Fruits Basket, asihukumu kabla ya juzuu ya sita. Najua juzuu sita ni nyingi kumwomba mtu asiyejua atapata nini. Basi amtafute wa kumsomea kwa sauti.

Bibi anatembea kwa mkongojo siku hizi. Kila Ijumaa baada ya Isha ananipigia tuendelee. Tuko juzuu ya 15.

Msomaji wenu, Tanga