Barua kwa mwanangu: dhahabu ya Kilwa iko Lisbon

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wewe na wenzako wa chuo mtakaa Lisbon siku mbili na nusu, kwamba wote wamekubaliana kwenda Belém, mtaa wa Lisbon, kuliona kaburi la Vasco da Gama, na unaniuliza kama si fedheha kwa mtoto wa Mombasa kupanga foleni ili amtazame mtu huyo.

Nenda, mwanangu, ila usimpe zaidi ya robo saa. Tulipokwenda mimi na marehemu baba yako mwaka 2014, kuingia katika kanisa la monasteri ya Jerónimos kulikuwa bure, na foleni iliyozunguka nje ilikuwa ya wanaokata tiketi za ua wa ndani. Ukishavuka mlango, Gama yuko kushoto na mshairi Camões yuko kulia. Sanamu yake ya mawe imelala chali, viganja vimekutanishwa kifuani kama mtu aombaye dua. Baba yako aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanong'ona kwamba kwa mtu aliyesumbua bahari kiasi kile, amepata mahali pakavu mno. Kwa kweli alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mifupa ndiyo iliyorudishwa Ureno baadaye.

Kabla hujatoka, inua macho uzitazame zile nguzo zilizochongwa kamba na mimea kama mti wa milango ya Lamu. Jengo hilo lilianzishwa na Mfalme Manuel I wa Ureno mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa kwa kodi ya asilimia 5 iliyotozwa biashara ya Afrika na ya Mashariki. Mwaka 1505, wakati mafundi wakiendelea kuchonga, majeshi ya mfalme huyo huyo chini ya Francisco de Almeida yaliiteka Kilwa, kisha yakaiteketeza Mombasa. Kwa hiyo usiingie mle kama mgeni wa watu. Ingia kama mtu anayekagua mali ambayo wazee wake waliichangia bila kuulizwa.

Hata hivyo, wenzako wakikupa nafasi ya kuchagua jambo moja tu, liache kaburi, uwapeleke kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, ambayo yako kati ya katikati ya mji na Belém. (Hufungwa Jumatatu, kama ilivyo monasteri.) Humo mna chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakatoliki, kinachoitwa Custódia de Belém, ambacho urefu wake haufiki mita moja. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na joho lake la rangi, na juu yao ananing'inia njiwa mdogo mweupe. Dhahabu yake ilitoka kwetu. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wake, Amir Ibrahim, mpaka akakubali kutoa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ndiyo aliyopewa sonara Gil Vicente, naye akakimaliza chombo mwaka 1506. Wala hawakuficha: wameandika kwenye kitako, kwa herufi kubwa, kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Mimi niliinama kusoma, nikabaki nimeinama. Kwenye kaburi sikuhisi lolote. Pale nilihisi hasira na fahari kwa pamoja, na sikujua niitangulize ipi.

Jioni iacheni kwa Alfama, mtaa uliosalimika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la Novemba 1, 1755, wenye vichochoro vitakavyokukumbusha Mji wa Kale, na jina lake lenyewe ni la Kiarabu. Sikiliza watu wanavyosema. Mhudumu atakuonyesha *mesa*, na mwenye duka la matandiko atakuuzia *fronha*, nawe utajua bila mkalimani kwamba ni meza na foronya. Maneno hayo nayo ni mabaki ya karne zile, ila haya sisi ndio tuliobaki nayo. Chukua viatu vyenye kukamata, kwa maana vijiwe vya njiani vimesuguliwa na nyayo hata vikawa kama kigae. Baba yako aliteleza mara mbili akiwa na makubadhi yake.

Ukifika mbele ya kile chombo, nipigie picha ya kitako tu. Ile yangu ilimulikwa na taa ya kabati la kioo, na mahali palipoandikwa jina la Kilwa pamekuwa weupe mtupu.

Mama yako