Maswali ya Wasomaji: Kufunika Kisima cha Mafuta Sio Kukiziba

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya visima vya mafuta na gesi vilivyoachwa bila kuzibwa, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua tano. Nyingine zinafanana na hizi, kwa hiyo ukiona swali lako halipo soma tu, jibu lako limo humu.

"Habari za kazi. Mimi na mume wangu tumenunua shamba, na pembeni kuna bomba la chuma limetokeza juu ya ardhi kama usawa wa magoti, limefunikwa bati zito na kuchomelewa. Aliyetuuzia anasema ni kisima cha gesi cha zamani, kilishafungwa kabla hajazaliwa. Watoto wanapenda kukaa juu yake. Tunataka kujenga banda hapo hapo, kuna shida?"

Mama, shida ipo tena kubwa, na naomba watoto watoke pale leo hii hata kabla hujamaliza kusoma jibu langu.

Hilo bati ni kifuniko, na kisima hakivuji kwa mdomoni peke yake. Ni shimo la mamia au maelfu ya mita, limepita kwenye tabaka la maji matamu, likapita la maji ya chumvi, mpaka huko kwenye gesi, na ndani limevishwa mabomba ya chuma ambayo watu wa kazi hii wanaita kesingi. Sasa chuma kinaoza. Miaka ikipita kutu inatoboa bomba, simenti iliyolishika kwa nje inapata nyufa, gesi ya chini inapata njia ya kupanda, na ikikuta mdomo umefungwa inatafuta pembeni, inaingia kwenye udongo, kwenye kisima chenu cha maji, au chini ya sakafu ya hilo banda mnalotaka kujenga. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, haina rangi wala harufu (ile harufu ya gesi ya jikoni inaongezwa kiwandani makusudi ili watu waistukie) na ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumbani, cheche ya swichi ya taa inatosha. Mwaka 2017 huko Firestone, jimbo la Colorado, Marekani, nyumba ililipuka watu 2 wakafa, na gesi ilitoka kwenye kibomba cha zamani cha kisima cha jirani, kibomba kilichokatwa na kuachwa ardhini bila kuzibwa huku bado kimeunganishwa na kisima.

Kwa hiyo msijenge juu yake wala karibu yake, msichome takataka pale, na tafadhali msimwage zege juu mkidhani mnasaidia, mtaisukuma tu gesi itokee kwingine. Angalieni kama kuna mahali pamebaki kipara majani hayaoti, maana gesi ikijaa kwenye udongo inafukuza hewa na mizizi inakosa pumzi, na mvua ikinyesha angalieni madimbwi kama yanatoa mapovu au yana utando wa mafuta juu. Kama kuna namba imechongwa kwenye bomba iandikeni. Halafu nendeni kwa mamlaka inayosimamia mafuta na gesi, au ya mazingira, waje na vipimo, na maji ya kunywa yapelekwe maabara.

"Kaka yangu ni fundi ujenzi, anasema kuziba kisima ni kumwaga zege mpaka lijae basi. Mbona tunasikia inagharimu mamilioni?"

Kaka yako anajua kazi yake, ila hii nyingine kabisa. Nilifanya kazi kwenye rigi, yaani mtambo wa kuchimba visima, miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo hapa nivumilieni nitakwenda kirefu.

Kwanza inaletwa rigi ndogo, inasimamishwa juu ya kisima, vinatolewa vyote vilivyobaki ndani, pampu, fito, mabomba madogo, na hapa ndo siku zinapoishia maana vingi vimeng'ang'ania kutu na vingine vimekatikia chini, lazima vinaswe kimoja kimoja. Kisima kinajazwa matope mazito ya kuikandamiza gesi isije ikaruka wakati watu wako juu. Ndipo inakuja simenti, haina mchanga wala kokoto, inakorogwa na maji mpaka inakuwa kama uji, halafu inasukumwa kwa pampu kupitia bomba lililoshushwa mpaka chini kabisa. Ukiimwaga kutoka juu kama anavyosema kaka yako inachanganyika na matope njiani, inaganda katikati, na wewe uliyeko juu unaona shimo limejaa kumbe chini yake ni tupu.

Kizibo cha kwanza kinakaa pale gesi inapotokea. Kingine kinakaa chini ya tabaka la maji matamu, hicho ndo kinacholinda maji ya watu, na cha mwisho karibu na uso wa ardhi. Sheria nyingi za Marekani zinataka kila kizibo kiwe na urefu wa futi 100 hivi, yaani mita 30. Na kama nyuma ya kesingi hakuna simenti inabidi chuma kitobolewe huko huko chini na simenti isukumwe kupitia matundu, maana gesi haijali kama umeziba katikati ukaacha pembeni. Lengo lote ni moja, tabaka lisikutane na tabaka.

Halafu mnasubiri. Simenti ikishakauka unashusha bomba mpaka liiguse, unaliegemezea uzito kuona kama kizibo kinabeba, na unapima presha. Nakumbuka kisima kimoja tulishusha bomba likapita moja kwa moja pale simenti ilipotakiwa kuwa, hakuna kitu, ilikuwa imekimbilia kwenye mpasuko wa mwamba, tukarudia kazi yote upya. Asingepima mtu, makaratasi yangesema kimezibwa. Mwishoni bomba linakatwa kama mita moja chini ya ardhi, kinachomelewa kibati chenye namba ya kisima, na udongo unarudishwa.

Utafiti wa 2021 huko Marekani ulikuta gharama ya kati ni kama dola 20,000 kwa kuziba peke yake, na 76,000 ukijumlisha na kusafisha eneo. Kisima kirefu au kilichoharibika kinazidi hapo mbali sana.

"Karibu na kwetu kuna kisima cha zamani, kulikuwa na harufu ya mayai viza siku mbili tatu halafu ikapotea. Nadhani kimeacha kuvuja?"

Usidhani hivo hata kidogo. Hiyo harufu ni ya haidrojeni salfaidi, na hatari yake ni kwamba ikizidi, kwenye sehemu kama 100 kwa milioni za hewa, inaua uwezo wa pua kunusa. Unaona imeisha kumbe imeongezeka. Ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde na mashimo, kwa hiyo mtu akianguka pale usimfuate bila kifaa cha kupumulia, wengi wamekufa wakiwaokoa wenzao. Ondokeni mkielekea upande upepo unakotoka, mkimbilie pa juu, mpige simu zimamoto.

"Kampuni ilichimba, ikauza mafuta, ikapata faida. Kwa nini kuziba iwe kwa kodi yetu?"

Hasira yako ni yangu pia. Inakuwaje mpaka tunafika huko? Kisima kikiwa kipya kiko mikononi mwa kampuni kubwa, mafuta yakipungua kinauzwa kwa ndogo, nayo inauza kwa ndogo zaidi, mpaka wa mwisho anafilisika na kisima kinakuwa yatima. Dhamana, yaani pesa waliyoweka mwanzo kwa ajili ya kuziba, haitoshi kitu. Kwenye ardhi ya serikali kuu ya Marekani kiwango cha chini kilikuwa dola 10,000 kwa mkataba mzima, wenye visima vingi ndani yake, tangu 1960 mpaka 2024! Linganisha na hizo bei za hapo juu. Ndo maana visima yatima vilivyoorodheshwa huko vimepita 120,000, na Novemba 2021 ikapitishwa sheria ya miundombinu iliyotenga dola bilioni 4.7 kuviziba.

Kanada nao walitoa dola zao bilioni 1.7 mwaka 2020. Lakini mwaka mmoja kabla, Januari 2019, Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Redwater iliyokuwa imefilisika, ikasema msimamizi wa mufilisi hawezi kubeba visima vyenye faida akavitupa vibovu, wajibu wa kusafisha unatangulia kabla ya wadai kugawana kilichobaki. Mimi ningeenda mbali zaidi, pesa ya kuziba itengwe kila mwezi wakati kisima bado kinatoa mafuta, iwekwe pahali kampuni haiwezi kuigusa.

"Kikishazibwa vizuri tusahau?"

Hapana. Jimbo la Pennsylvania huko Marekani, ambako Edwin Drake, mmoja wa wachimbaji wa mwanzo, alipata mafuta mwaka 1859, wachimbaji wa zamani walikuwa wanaziba kwa magogo na mawe, nao waliamini wamemaliza. Wengine waling'oa mabomba yote wakauza chuma chakavu, hasa wakati wa vita kuu ya pili. Leo wanatafuta visima hivyo kwa droni zenye kipima sumaku kinachosikia chuma kilicho ardhini, ila pale bomba liling'olewa droni inapita juu yake kimya, inabidi kurudi kwenye ramani za zamani na kuuliza wazee. Kwa hiyo simenti iwe nzuri namna gani, eneo lipimwe tena baada ya muda, na mahali pa kisima paandikwe kwenye hati ya shamba yenyewe, ili anayenunua baada yako asije akaambiwa tu "kilishafungwa kabla sijazaliwa".