Acha kukariri mpangilio wa vivumishi. Tafuta kwanza neno kuu la kirai nomino cha Kiingereza

Usiikariri orodha hiyo, ndugu yangu. Umeeleza kwamba una usaili na mtihani wa kuandika Kiingereza hivi karibuni, kwamba mkufunzi wako amekupa mpangilio wa aina nane za vivumishi, yaani maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi na matumizi, na kwamba umeamua kuumeza wote kabla ya kugusa kitu kingine. Ukauliza kama mpangilio huo hutumika vilevile katika kuandika na katika kuzungumza. Swali lako limenichoma, kwa sababu huko ndiko nilikopelekwa na mkufunzi wa kozi niliyoilipia kwa fedha zangu.

Mpangilio wenyewe si uongo. Mwingereza husema "a beautiful old wooden table", na sikio lake hukataa "a wooden old beautiful table". Ubaya ni kwamba orodha ile humfanya mwanafunzi aamini kuwa kirai nomino cha Kiingereza, yaani nomino pamoja na maneno yote yanayoifafanua, ni mlolongo wa vivumishi vinavyosubiri zamu mbele ya nomino, ilhali ni nadra kuvikuta hata vitatu pamoja, iwe gazetini, katika ripoti au vinywani mwa watu. Mwanaisimu Douglas Biber na wenzake, walioandika kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichotoka mwaka 1999 baada ya kuchambua matini zenye maneno yapatayo milioni 40, walionyesha kwamba katika maandishi ya kitaaluma karibu asilimia 60 ya virai nomino vina maneno ya kufafanua nomino, na katika mazungumzo ni takriban asilimia 15 tu. Anayezungumza hutosheka na "it", "they", "that thing" au "my brother". Katika maandishi, mbali na vivumishi vya kawaida, kinachojaza virai hivyo kwa kiasi kikubwa ni nomino zinazopangwa mbele ya nomino nyingine, pamoja na virai vinavyofuata nyuma vikianza na kihusishi (maneno kama "in", "for" na "of"), na "of" ndiyo inayoongoza. Orodha yako ya aina nane haigusi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Hapo ndipo nilipopoteza kazi. Nilikabidhiwa ripoti ya kiufundi niitafsiri kwa Kiswahili, na ndani yake mlijaa vichwa vya habari kama "water pump motor replacement cost estimate". Mkufunzi wetu alikuwa ametufundisha, kwa kujiamini kabisa, kwamba Waingereza hutanguliza neno lenye uzito na yanayofuata hulieleza, na kwetu Waswahili fundisho hilo liliingia bila kupingwa, kwa kuwa ndivyo lugha yetu inavyofanya: tunaanza na jambo lenyewe, kisha tunalifafanua. Basi nikatafsiri kuanzia kushoto. Sehemu iliyohusu makadirio ya fedha ikageuka sehemu inayohusu maji, orodha ya vipuri ikasomeka kama orodha ya mashine, na fundi aliyeletewa tafsiri hiyo hakuweza kujua ni kitu gani kinapaswa kubadilishwa, pampu au mota yake. Kazi nzima ilirudishwa, sikulipwa, na mteja yule hakunipa kazi nyingine tena.

Hasira yangu kwa mkufunzi yule haijapoa. Alijaza ubao kwa meza za mviringo, kuukuu, nyeupe, za Kifaransa, za mbao, ambazo hakuna mtu anayezitaja kwa mtindo huo, na katika kozi nzima hakutufungulia aya moja ya ripoti halisi wala kutusikilizisha mazungumzo yaliyorekodiwa. Mtu anayelipwa kufundisha lugha ana wajibu wa kuitazama inavyotumika kabla hajawatwika watu orodha.

Kanuni ninayotaka uishike ni hii: kabla ya kutafsiri, kuandika au kusema chochote, tafuta neno kuu, yaani nomino inayotaja jambo lenyewe ambalo maneno mengine ya kirai yanalifafanua. Katika Kiingereza neno kuu kwa kawaida ni nomino ya mwisho kabla ya kihusishi, kirejeshi (kama "which" au "who") au kitenzi. Ukilipata, rudi nyuma neno kwa neno ukitia -a unganifu (ya, za, wa, cha na kadhalika). Katika kile kichwa cha habari neno kuu ni "estimate", na ukirudi nyuma unapata makadirio ya gharama za kubadilisha mota ya pampu ya maji. Tazama jinsi Kiswahili kinavyoonyesha kila kiungo kwa upatanisho, "ya", "za", "ya", "ya", wakati Kiingereza kimeyabana maneno yote bila alama yoyote ya uhusiano. Uhusiano huo unauelewa kwa maana tu: "olive oil" ni mafuta yatokanayo na zeituni, lakini "baby oil" ni mafuta ya kumpaka mtoto. Hata wingi kwa kawaida humezwa, kwa hiyo duka la viatu ni "shoe shop" na safari ya siku tatu ni "a three-day trip", ingawa yapo ya kipekee kama "sports car".

Neno kuu hilohilo ndilo linalotawala kitenzi. Katika "The cost of the new pumps is high", kitenzi kinapatana na "cost", si na "pumps" iliyokaa jirani yake. Wenyeji wa Kiingereza wenyewe huteleza hapa wanapozungumza haraka, lakini msahihishaji wa mtihani wako hatakusamehe. Vilevile kuna virai ambavyo jicho haliwezi kuvikata bila msaada: "small car factory" ni kiwanda kidogo cha magari au kiwanda cha magari madogo? Mwandishi makini huweka kistari, "small-car factory", anapotaka maana ya pili. Katika kusema, sauti ndiyo hufanya kazi ya kutenganisha maana. Ukikaza neno la kwanza katika "English teacher", umesema mwalimu wa somo la Kiingereza. Ukikaza la pili, umesema mwalimu aliye Mwingereza. Hili nalo utalikosa katika orodha ya vivumishi, na usaili ni wa mdomo.

Kuhusu usaili huo, usibebe virai vya ripoti ukavitapike mbele ya watu. Mwanaisimu M. A. K. Halliday alieleza katika miaka ya 1980 kwamba maandishi hushindilia habari ndani ya nomino, na mazungumzo huieneza katika vishazi, yaani vipande vya sentensi vyenye kitenzi, vinavyofuatana, na kwamba hilo haliyafanyi mazungumzo kuwa mepesi. Utata wake uko mahali pengine. Ripoti itaandika "the replacement of the motor following repeated failure". Fundi anayezungumza atasema "the motor kept failing, so we replaced it". Mara nyingi pia mzungumzaji hutaja kitu kwanza, akakiacha kielee, kisha akakirudia kwa kiwakilishi: "That pump we bought, its motor's gone." Ukiangalia vizuri utaona hata kirejeshi kimeachwa, maana hakusema "that pump which we bought". Hayo si makosa ya watu wasiosoma. Ndivyo kirai nomino kinavyogawanywa vipande ili msikilizaji, asiye na nafasi ya kurudi nyuma kusoma tena, akipokee kidogo kidogo. Mkufunzi wangu aliyaita uvivu, na mimi nikaingia katika mazungumzo ya kazi nikiwa na sentensi ambazo wasikilizaji walilazimika kuniomba nizirudie.

Sasa ile sentensi uliyotuonyesha kwamba umeiandaa: "I have extensive practical modern office document management experience." Umefuata mpangilio uliofundishwa, lakini msomaji anapita maneno sita baada ya "have" kabla ya kufika "experience", na njiani hajui kama "modern" ni ya ofisi, ya nyaraka au ya uzoefu wako. Katika barua andika "I have extensive experience in managing office records", ambamo kimebaki kivumishi kimoja mbele ya neno kuu na mengine yamehamia nyuma ya kihusishi. Katika usaili sema "I've worked with office records for a long time, mostly keeping them in order and finding things for people", kisha unyamaze uwaache waulize. Ukiwa na sentensi nyingine za barua yako, ziweke hapa, na kila moja uipigie mstari chini ya neno kuu kabla hujaituma.