Unachezea timu ya chuo? Barua kwanza, mazoezi baadaye

Wiki jana nimetumiwa meseji na binti mmoja wa Lamu, yuko mwaka wa pili chuoni, anacheza voliboli. "Mwalimu shikamoo, nimekosa CAT mbili, ile mitihani ya katikati ya muhula, sababu ya mechi, lekchara kaniambia nichague, voliboli ama digrii. Nifanyeje?" Nikamjibu marahaba mwanangu, usichague chochote kwanza, nitumie picha ya barua yako ya ruhusa. Akauliza barua gani? Hapo nikajua haya mambo hayaishi kwa meseji.

Nimemwambia aende kwa kocha achukue nakala ya ile karatasi ya mechi yenye majina ya wachezaji na sahihi ya refa, huo ni ushahidi alikuwa uwanjani, halafu amwandikie mkuu wa idara kuomba spesho, yaani afanyiwe peke yake mtihani aliokosa, kabla mitihani ya mwisho haijaanza. Na aende mwenyewe kwa miguu yake, asitume mtu.

Mimi wengi hapa Malindi mnanijua kwa mpira, pale uwanja wa Alaskan. Nilipoingia chuo nikachukuliwa timu mwaka wa kwanza, namba sita, na bila kujisifu mpaka namaliza hakuna aliyenitoa pale. Mwaka wa mwisho tukaenda michezo ya vyuo, basi la usiku, tukacheza, tukachukua kombe, na mimi ndiye niliyeshuka nalo kwenye basi. Sasa wiki hiyo hiyo darasa langu likafanya CAT. Ofisi ya michezo ilituahidi barua zetu zitapelekwa kila idara. Zilipelekwa wapi mpaka leo sijui.

Matokeo yalipobandikwa, kwenye mstari wangu kila yuniti ina maksi zake, moja imewekwa kistari. Kistari tu. Naenda kwa lekchara, ananambia sina rekodi yako, nenda idarani. Idarani wananambia rudi kwa lekchara. Ofisi ya michezo wanasema yule aliyekuwa anashughulika yuko livu. Jina halikutoka kwenye orodha ya mahafali, na mamangu alikuwa ashanunua doti ya leso ya kuvaa siku hiyo. Wenzangu wakavaa majoho, mimi nikangoja yuniti moja ifundishwe tena, mkopo ushaisha, kwenye barza kila mzee ananiuliza unamaliza lini. Kombe liko kwenye kabati la vioo pale mapokezi, wageni wanapiga nalo picha. Inaniuma na sitajifanya hainiumi.

Kwa hivyo mtu akiniuliza habari ya michezo na masomo, mimi sianzi na ratiba ya rangi rangi ya kubandika ukutani. Naanza na barua. Iwe na jina, namba ya usajili, tarehe ya kuondoka na kurudi, sahihi na muhuri. Nakala mbili. Moja mpe lekchara mkononi kabla ya safari, ya pili idara ikugongee muhuri wa kupokea ukae nayo wewe, na upige picha ujitumie kwa email maana simu zinaibiwa. Usingoje kocha akupelekee, kocha ana timu nzima ya kuangalia. Barua ni yako.

Kuna wanaowaambia msome kwenye basi. Aliyesema hivyo hajapanda basi la timu, wallahi, muziki uko juu mpaka vioo vinatetemeka na golikipa amelala begani mwako. Tafuta mtu mmoja darasani asiyecheza chochote na mwandiko wake unasomeka, umnunulie bando, akupigie picha noti kila siku. Hiyo ndiyo iliyonisaidia mimi. Na barua ingenisaidia, ningekuwa nayo.

Halafu watu hupenda kunitajia Ferdinand Omanyala, yule mkimbiaji, eti mbona yeye aliweza. Ni kweli, alikuwa mwanafunzi wa kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Lakini tusichukue mtu mmoja wa ajabu tukamfanya fimbo ya kuchapia watoto wengine. Kule Marekani, NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, inawawekea wanamichezo kikomo, saa 20 za michezo kwa wiki msimu ukiwa unaendelea, si zaidi ya saa 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Wao wanajua kipaji peke yake hakisomi. Sisi Ramadhani tulikuwa tunafanya mazoezi baada ya tarawehe, tunamaliza usiku wa manane, na kipindi cha saa moja asubuhi kiko pale pale, ukisinzia unaitwa mvivu!

Mwanafunzi akivaa jezi ya chuo yuko kazini kwa chuo. Mnampigia makofi kwenye fainali halafu mnamwekea kistari, hiyo ni dhuluma, tuseme ukweli. Na nyinyi wa ofisi za michezo, ratiba ya mechi mnayo mapema, tarehe za CAT klasrepu, wale wawakilishi wa madarasa, wanazo. Waiteni muhula ukianza, mziangalie pamoja, mkiona zinagongana andikeni barua siku hiyo hiyo, si jioni ya safari basi lishawashwa injini na mwenye muhuri kashakwenda nyumbani.