Kakangu alikubali kosa, hakimu ataamua vipi?

SWALI: Wakili habari. Kakangu wa miaka 26 aliiba mashine ya kuchomelea kwa boss wake, akashikwa akakubali kosa, na sasa ako rumande miezi 5 juu tulikosa pesa ya bondi. Hakimu amesema anangoja ripoti ya probesheni. Watu wananiambia sheria ni miaka 7 jela. Ni ukweli? Na mbona kijana wa jirani aliiba pia akapewa kifungo cha nje?

JIBU: Pole sana dada, najua huko kungoja ripoti kunaweza kunyima mtu usingizi. Hiyo miaka 7 iko kweli, ni kifungu cha 281 cha Penal Code, yaani sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, mfanyakazi kuibia mwajiri wake, lakini hiyo ndio juu kabisa hakimu anaweza kufika. Kifungu cha 26 kinamruhusu kushuka, atoe miezi, ama faini, na akiona kosa lenyewe halistahili zaidi ya miaka 3 anaweza kumpa kazi ya jamii chini ya sheria ya 1998. Pia kuna probesheni, ambayo ni miezi 6 hadi miaka 3, analala nyumbani na anaripoti kwa ofisa.

Sasa kijana wa jirani. Kuibia mtu wa kando na kuibia mtu aliyekupea ufunguo wa duka si kitu kimoja mbele ya korti, kuvunja uaminifu kunaongeza uzito. Kama mashine ilipatikana, hiyo inapunguza, kukubali mapema bila kusumbua mashahidi kunapunguza, na kama hajawahi kushtakiwa prosekyuta atasema hana rekodi na hiyo inamsaidia sana.

Ripoti ndio muhimu kwa sasa. Ofisa atakuja huko kwenu, ataongea na chifu, majirani, na huyo boss mwenyewe, kwa hivyo msijifiche na msimdanganye, na kama mnaweza endeni kwa boss mapema muombe msamaha kwa heshima, mkiongozana na mzee anayemjua. Bila vitisho tafadhali, mkimtisha mtamharibia kakako kabisa.

Siku ya hukumu korti itamuuliza kama ana la kusema. Wengi wanasema tu "naomba msamaha, nina familia" halafu wanakaa. Nilikuwa na mteja mmoja, hakimu akamuuliza ukitoka hapa utafanya nini, kijana akanyamaza, mamake akatoa kwa kiondo karatasi ya exercise book imekunjwa mara nne, fundi wa mbao ameandika kwa kalamu kwamba atamchukua kazi Jumatatu na namba yake ya simu chini. Hakimu aliisoma mara mbili. Alipewa probesheni. Sikuahidi kakako atapata hivyo, lakini tafuteni barua kama hiyo, mtu wa kweli na kazi ya kweli.

Kitu ingine, na hii naomba uishike: hiyo miezi 5. Kifungu cha 333(2) cha CPC, sheria ya jinsi kesi za jinai zinavyoendeshwa, kinasema korti lazima iangalie muda aliokaa rumande, lakini siku iko na kesi hamsini inasahaulika na naiona kila mwezi, mtu anahesabiwa kuanzia siku ya hukumu kama vile hakuwahi kulala ndani. Andika tarehe aliyokamatwa kwa karatasi, mpe kakako aitaje yeye mwenyewe kwa sauti. Akifungwa, sikiliza kama hakimu amesema kifungo kinaanza lini, na kama hajasema, inuka umwambie wakili ama karani saa hiyo hiyo.

Juu alikubali kosa hawezi kukata rufaa kwamba hakuiba, ila ukali wa hukumu anaweza, na ni siku 14 tu. Nitumie namba ya kesi na jina la korti kwa inbox leo, niangalie kama tarehe ya kukamatwa imeandikwa sawa kwa charge sheet, ile karatasi ya mashtaka.